Waya Uingie Wapi?

Kuchonga kitu kidogo kuliko unywele kumekuwa kazi ya kila siku katika viwanda vya chipu. Leza ndogo inasumbua kwa sababu nyingine: lazima ilishwe umeme, na waya unaoleta umeme huo ni metali, adui wa mwanga.

Mwaka 1962, huko Schenectady, Marekani, Robert Hall na wenzake wa General Electric waliwasha leza ya kwanza ya nusu-kipitishi. Ilikuwa kipande cha galiamu na aseniki, chini ya milimita moja, kikiwa kimepozwa kwa nitrojeni kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Vioo vyake vilikuwa nyuso za fuwele yenyewe, zilizosuguliwa zikang'aa. Mwaka 1977 Kenichi Iga, mjini Tokyo, akawaza kuweka vioo juu na chini ili mwanga utoke wima. Leza za namna hiyo, zenye upana wa mikromita chache, ndizo zinazosaidia baadhi ya simu kutambua uso wa mwenyewe.

Zikipunguzwa zaidi, mambo yanageuka. Mwanga unaopita safari fupi haupati nafasi ya kukuzwa vya kutosha, kwa hiyo kila upotevu, hata mdogo, unaumiza. Ni kuteka maji kwa pakacha. Ukigusisha metali hapo, inameza sehemu ya mwanga uliobaki. Watafiti wengi hukwepa tatizo hili kwa kuichochea leza ndogo kwa mwanga wa leza nyingine, kubwa zaidi. Kwa maabara inatosha. Kwa chipu, naona hiyo ni nusu ya kazi.

Mwaka 2004 kundi la Yong-Hee Lee, la taasisi ya KAIST nchini Korea Kusini, lilitafuta mahali ambapo mwanga haupo. Katika bamba jembamba lililotobolewa matundu kwa mpangilio, walichagua mtetemo wa mwanga ambao katikati yake ni dhaifu, wakasimamisha nguzo ndogo ya kupitisha umeme hapo hapo chini. Nguzo hiyo ilisaidia pia kuondoa joto. Sijaona jibu la werevu zaidi katika historia hii.

Miaka 3 baadaye, Martin Hill na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walishika njia ya kinyume. Walichukua kinguzo chenye upana wa takriban robo ya mikromita, wakakivika utando wa kuhami umeme, kisha wakakifunika chote kwa dhahabu. Metali ile ile ikawa kioo na njia ya umeme. Gharama yake ni kwamba dhahabu hufyonza mwanga, na hufyonza zaidi inapopata joto, hivyo nitrojeni kimiminika ikarudi mezani.

Nguzo inapozidi kuwa nyembamba, kuta zake huwa nyingi zikilinganishwa na ujazo wake. Elektroni zinazofika ukutani hupotea bila kutoa mwanga wowote, zikiacha joto tu. Basi mafundi huzisafisha kuta hizo kwa kemikali na kuzipaka utando wa kuzituliza, kabla hata ya kufikiria kioo.