Kuunga chuma kwa shaba: moto ukizidi, kazi imeharibika

Fremu ya baiskeli ikikatika Bashay, wilayani Mbulu, fundi mwenye mitungi ya gesi anaweza kuiunga kwa rodi ya shaba ya njano. Kazi yote iko kwenye moto.

Shaba hiyo, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 880 za Selsiasi. Chuma huyeyuka karibu na 1,500. Kwa hiyo chuma hakitakiwi kuyeyuka kabisa. Kinapashwa moto tu, shaba iyeyuke na kupenya kwenye kiungo.

Fundi atajuaje? Kwa macho. Kwanza anasugua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, anapaka unga wa boraksi, kisha anapasha pande zote za kiungo huku moto ukitembeatembea. Chuma kikianza kuwa chekundu, anagusa kwa rodi. Shaba ikijiviringa kama tone la maji kwenye jani la mgomba, chuma bado baridi. Ikitambaa yenyewe, hapo ndipo.

Moshi mweupe ukitoka, moto umezidi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, juu kidogo tu ya pale shaba inapoyeyuka. Kiungo hubaki na vitundu, na anayevuta moshi huo anaweza kupata homa na kutetemeka saa chache baadaye. Moto uondolewe haraka, na kazi ifanyike penye hewa.

Mwisho, kiungo kisimwagiwe maji, kiachwe kipoe chenyewe. Ubovu wa ndani hauonekani mpaka baiskeli ishuke mlima na gunia la mahindi.