Usanifu wa Mandhari na Maeneo ya Wazi ya Jamii Mjini Zanzibar: Mnazi Mmoja, Forodhani na Ng'ambo

Utangulizi

Katika hati za mipango miji, eneo la kijani huhesabiwa kwa hekta na kupakwa rangi moja kwenye ramani. Hesabu hiyo haielezi nani hukaa mahali hapo, hukaa saa ngapi, wala maji ya mvua huelekea wapi. Makala haya yanafafanua namna usanifu wa mandhari, yaani taaluma inayopanga ardhi, maji, mimea na nafasi za watu nje ya majengo, unavyoweza kujenga maeneo ya kijani yanayodumu na ambayo wakaazi huyaona kuwa yao. Mfano uliochaguliwa ni Mji wa Zanzibar. Katika mwendo mfupi wa miguu, kutoka ufukwe wa Forodhani hadi mzunguko wa Michenzani, mji huu unaonesha aina tatu za ardhi ya wazi zilizobuniwa katika vipindi tofauti na kwa malengo yasiyofanana. Hoja inayojengwa ni kwamba kijani peke yake hakifanyi eneo kuwa la jamii. Zipo nyasi zilizopandwa ili watu wasikutane.

Uwazi wa kutenganisha

Jina la Ng'ambo lenyewe ni ushahidi wa kijiografia. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuzungukwa na bahari, na mkono wa maji uliouingia mji ndio uliotenganisha rasi hiyo na makaazi ya upande wa pili. Jina la Darajani linakumbusha jinsi watu walivyovuka. Mkono huo ulifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, na sehemu ya ardhi iliyopatikana ikawa viwanja vya michezo vya Mnazi Mmoja. Mpango wa H. V. Lanchester wa mwaka 1923 uliutazama mji kwa jicho la afya ya kitropiki la wakati wake, ambalo liliona nafasi tupu kati ya jamii za rangi tofauti kuwa kinga ya maradhi. Dar es Salaam ina Mnazi Mmoja yake, nayo ilikuwa ukanda wa kutenga Uhindini na Kariakoo. Kufanana kwa majina huenda kukawa sadfa, lakini kufanana kwa kazi ya maeneo hayo si sadfa.

Hata hivyo, matumizi hayakutii mchoro. Laura Fair (2001), katika utafiti wake kuhusu burudani na siasa za Zanzibar baada ya utumwa, anaonesha kuwa kandanda liliwakusanya vijana wa Ng'ambo na kuwapa jukwaa la kushindana na vilabu vya wenye mamlaka. Uwanja uliokusudiwa kutenga ukageuka mahali pa kukutana. Kwa msanifu wa mandhari funzo hapa ni la kiufundi zaidi kuliko la kihistoria: eneo tambarare lisilo na uzio, lililo baina ya mitaa miwili, litavukwa na kutumiwa, na njia zinazokanyagwa na wapitao kila siku ndizo ramani ya kwanza inayopaswa kusomwa kabla ya kuchora njia nyingine.

Mnazi Mmoja inatoa pia funzo la maji. Bahari iliyofukiwa haijasahau njia yake. Tofauti ya kupwa na kujaa Zanzibar wakati wa bamvua hufikia takribani mita 4, na maji ya chumvi hupenya na kulowesha sehemu za kiwanja. Mvua za masika zinapokutana na bamvua, mitaro inayotegemea kushuka kwa bahari haiwezi kutoa maji mpaka bahari ipwe. Kupandisha kifusi na kutandika ukoka wa kawaida katika mazingira hayo ni kurudia gharama ileile kila baada ya miaka michache. Usanifu endelevu ungekubali kwamba sehemu ya uwanja ni bonde la kupokea maji kwa saa chache, ungepanda humo ukoka unaostahimili chumvi, na ungeinua tu viwanja vya kuchezea na njia za miguu. Huo ni uamuzi wa kisanifu wenye athari za kijamii, kwa kuwa wanaopoteza uwanja unapofurika ni watoto wa mitaa jirani ambao hawana uwanja mwingine.

Forodhani: bustani ya heshima na ya chakula

Bustani ya Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub. Ilikuwa bustani ya maadhimisho, yenye mpangilio rasmi unaotazama bahari. Matumizi yaliyoipa umaarufu hayamo katika maadhimisho hayo: wauzaji wa vyakula nyakati za jioni, familia zinazotoka Ng'ambo kupunga upepo, na vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani maji yanapojaa.

Ukarabati uliofanywa na Shirika la Utamaduni la Aga Khan, na kukamilika mwaka 2009, ulishughulikia ukuta wa bahari, mitaro, taa, njia, mimea na sehemu ya wauzaji. Uamuzi wake muhimu kuliko yote, kwa maoni ya makala haya, ni kwamba biashara ya chakula haikuondolewa. Miradi mingi ya kupendezesha miji huanza kwa kufukuza wauzaji na kuishia na bustani safi isiyo na watu. Hapa muuzaji alichukuliwa kuwa sehemu ya mandhari, na mahitaji yake ya maji, mwanga na mahali pa kutupa taka yakawa mahitaji ya mchoro. Jambo la pili ni kwamba kuingia ni bure.

Ulinganisho na bustani ya al-Azhar mjini Cairo, iliyofadhiliwa na taasisi hiyohiyo na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, unasaidia. Bustani hiyo ya hekta 30 ilijengwa juu ya vilima vya vifusi vilivyorundikana kwa karne nyingi, udongo wake ulikuwa na chumvi nyingi, na mradi uliambatana na ukarabati wa nyumba na mafunzo ya kazi katika mtaa jirani wa Darb al-Ahmar. Kwa upana wa fikra za kijamii unaizidi Forodhani kwa mbali. Lakini ina lango na kiingilio. Kiingilio hulipia utunzaji, na utunzaji ndio unaoiweka bustani hai. Papo hapo, kila kiingilio humbakisha mtu fulani nje. Forodhani ilichagua upande wa pili wa mizani hiyo, kwa hiyo inategemea bajeti ya umma na nidhamu ya wauzaji. Wanaosifu bustani ya bure bila kuuliza nani hulipa mfagizi wanasifu nusu ya jambo.

Baraza, maskani na ua

Ng'ambo haikupata bustani ya maadhimisho. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mpango mkuu wa mwaka 1968 uliotayarishwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki uliandaa majengo marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyopangwa kwa umbo la msalaba kuzunguka njia mbili kuu. Ardhi iliyobaki kati ya majengo ilikuwa pana kuliko chochote kilichowahi kuwapo mtaani, lakini haikuwa na mwenyewe. Nyumba za awali zilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Ghorofa zilifuta vyote viwili na kuweka badala yake uwanda ulio wazi juani.

Garth Myers (2003) ameeleza kwamba wakaazi wa Ng'ambo walijenga mji wao kwa kufuata uwezo, imani na desturi, na kwamba mipango ya dola iliyopuuza mambo hayo matatu ilikwama. Dhana hizo zinafaa kugeuzwa vigezo vya usanifu wa mandhari. Uwezo unahusu nani atamwagilia miche kiangazi cha Januari na Februari, bomba linapokauka. Imani inahusu mahali pa kukusanyika msiba unapotokea, na ukaribu wa msikiti. Desturi inahusu kukaa.

Suala la kukaa linahitaji uangalifu, kwa sababu baraza limegeuzwa kuwa nembo rahisi. Wasanifu hupenda kuchora viti vya saruji, kuviita baraza na kudai wameheshimu utamaduni. Baraza la kweli limeegemea nyumba ya mtu. Lina mwenyeji, lina kivuli cha ukuta kwa saa zinazojulikana, na anayepita hulazimika kusalimu. Kiti kilichotupwa katikati ya uwanda hakina lolote kati ya hayo. Maskani, kwa upande mwingine, hujitegemea chini ya mti, lakini aghalabu ni ya wanaume, na baadhi yake zina mwelekeo wa kisiasa unaojulikana na mtaa mzima. Mradi unaoigeuza maskani kuwa bustani ya wote bila mazungumzo utakuwa umeligawa eneo kabla ya kulifungua. Ua nao, ambao ndio uliokuwa nafasi ya wanawake ya kupikia, kusuka na kuzungumza, haukurudishwa na ghorofa wala hautarudishwa na bustani inayoonekana kutoka pande zote. Kona yenye ua wa miti, iliyo karibu na mahali pa kuchezea watoto na yenye mwanga wa kutosha jioni, ingekaribia kujibu haja hiyo.

Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa idara ya mipango miji ya Zanzibar, Jiji la Amsterdam na African Architecture Matters, ulichukua mwelekeo sahihi kwa kuanza na kuorodhesha mahali ambapo watu hukutana, hucheza na kukumbuka. Mwongozo wake ulikuwa pendekezo la UNESCO la 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, ambalo huyapa matumizi na kumbukumbu uzito sawa na majengo.

Kuhusu mimea, uteuzi unapaswa kufuata udongo kabla ya uzuri. Mkungu hustahimili chumvi na upepo, na matawi yake yaliyotandaa hutoa kivuli kipana. Kasoro yake ni majani mengi yanayoanguka na kuziba mitaro. Mwarobaini hufaa penye udongo wa mawe ya matumbawe, lakini hufa penye maji yaliyotuama, hivyo haufai mabondeni. Miche ikipandwa masika yanapoanza, ina miezi michache tu ya kushika mizizi kabla ya kusi kukausha udongo. Mkataba unaolipa upandaji na kunyamaza kuhusu miaka miwili ya mwanzo ya kumwagilia hununua vijiti. Kwa hiyo jina la anayetunza, awe kamati ya mtaa, baraza la manispaa au wauzaji wenyewe, linapaswa kuandikwa kwenye mchoro uleule unaoonesha mti, pamoja na chanzo cha maji yake.