Breki Inayojifunga: Gari la Kisasa Mbele ya Hatari ya Ghafla Lubumbashi

Katika barabara zinazoingia Lubumbashi huonekana watu wakisukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makaa. Aghalabu mzigo huwa mrefu na mpana kiasi kwamba baiskeli yenyewe haionekani vyema, na msukumaji amefichika nusu. Wenyeji huiita baiskeli kinga, neno ambalo msemaji wa Kiswahili Sanifu atalipokea kwa maana nyingine kabisa. Makala haya yanaeleza namna gari lenye mitambo ya kumsaidia dereva linavyotenda pale kinga ya namna hiyo inapokata njia ghafla, na mahali ambapo msaada huo unakoma.

Inafaa kuanza na dereva mwenyewe. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Binadamu huhitaji takriban sekunde moja na nusu kuona, kutambua na kuhamishia mguu kwenye breki; katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 25 bila kupunguza mwendo. Juu ya lami kavu breki nzuri huhitaji mita nyingine 20 hivi. Kwa hiyo kinga ikijitokeza mita 30 mbele, itagongwa na gari ambalo bado lina mwendo wa kilomita 50 na ushei. Mtambo wa breki inayojifunga haupunguzi zile mita 20. Unapunguza zile 25. Ukihitaji sehemu tatu za kumi za sekunde kuamua, gari litakwenda mita tano tu kabla ya breki kushika, nalo litasimama pasipo kugusa mzigo. Lakini juu ya udongo mwekundu uliolowa, ambapo magurudumu hushika kwa nusu tu ya nguvu ile, gari hilohilo litagonga kwa mwendo wa kilomita 35 au zaidi. Hakuna kompyuta inayoweza kuupa udongo mshiko usiokuwa nao.

Mtambo huona kwa njia mbili kuu. Rada iliyo puani mwa gari hutoa mawimbi na kuyapokea yarudipo: muda wa kurudi hueleza umbali, na badiliko la masafa yake hueleza kasi. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele hueleza kitu chenyewe ni nini. Kompyuta hugawanya umbali kwa kasi ya kukaribiana, ikapata sekunde zilizobaki kabla ya mgongano. Zikipungua, kwanza hupiga king'ora, kisha hufunga breki kidogo, na hatimaye huifunga kwa nguvu zote. Honda ilitoa mtambo wa jinsi hii nchini Japani mwaka 2003. Volvo ikafuata mwaka 2008 na ule wa mwendo mdogo wa mjini. Na tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya sharti liwe nao.

Ugumu hasa umo katika kuainisha. Rada hupata mwangwi kutoka kwa kila kitu: nguzo, kopo, daraja, bati la kibanda. Gari likifunga breki kwa kila mwangwi, litagongwa kwa nyuma siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo vitu vilivyosimama hupewa uzito mdogo mpaka kamera ithibitishe, nayo kamera huthibitisha yale tu iliyofundishwa kwa picha. Mwaka 2017 Volvo ilikiri kwamba kangaruu wa Australia waliutatiza mtambo wake: mnyama akiwa hewani alionekana yu mbali, akitua alionekana yu karibu. Tukio zito zaidi ni lile la Tempe, Arizona, tarehe 18 Machi 2018, ambapo gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kuwa vihisio vilimwona sekunde 5.6 kabla, lakini programu ilibadili jina lake mara kadhaa, ikimwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila mara ikaanza upya kukisia aendako. Breki ya dharura aliyoiweka mtengenezaji wa gari ilikuwa imezimwa kwa ajili ya majaribio. Mtu asukumaye baiskeli ni jambo adimu katika barabara za Arizona. Katika barabara za Lubumbashi ni jambo la kila asubuhi, tena akiwa na magunia.

Yapo na mengine. Magari mengi ya mji huu yametumika kwanza Japani, yana usukani upande wa kulia, ilhali Kongo huendesha kulia. Dereva akitaka kulipita lori la madini njiani kwenda Kasumbalesa, sharti gari litoke karibu lote ndipo aone kinachokuja. Rada nayo haioni ng'ambo ya lori, na mitambo mingi ya mwanzo ilibuniwa kwa magari yanayofuatana, si yanayokabiliana.

Vumbi la kiangazi na tope la masika huziba kamera na rada. Kioo kilichopasuliwa na kokoto kikibadilishwa, kamera huhitaji kupimwa upya. Kamera ikizibwa, mtambo hujizima na kutoa taarifa, na hapo suala huwa la lugha: katika gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, taarifa huandikwa Kijapani. Dereva asemaye Kiswahili na Kifaransa huona taa ya njano na maandishi asiyoweza kuyasoma, huyazoea, na huendelea kuamini kwamba gari litasimama lenyewe. King'ora hakihitaji tafsiri, ila mtambo uliozimika haupigi king'ora. Na taarifa yenyewe ni maneno sita tu: kamera imezibwa, breki ya dharura imezimika.