Kuni Zaweza Kuendesha Kinu, Lakini Tupande Kwanza

Mtu apitaye jioni katika vitongoji vya Tarime, iwe upande wa milima ya Nyamwaga au chini kuelekea Mto Mara, husikia mlio wa kinu cha kusaga kabla hajakiona. Injini yake ni ya dizeli. Dizeli hiyo imetoka ng'ambo ya bahari, ikashushwa bandarini, ikasafiri nchi nzima katika malori hadi Tarime mjini, na mwisho ikabebwa ndani ya dumu juu ya pikipiki mpaka kitongojini. Na kila aliyeigusa njiani amechukua chake. Awalipaye wote hao ni mama mwenye debe la mahindi kichwani. Siku dumu lisipofika kinu hunyamaza, naye huendelea na safari kutafuta kinu kingine.

Hatusemi kwamba nchi imelala. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umesimamisha nguzo mahali ambapo baba zetu hawakutazamia kuziona. Lakini kijiji ni kitu kimoja na kitongoji ni kitu kingine. Waya hufika kwanza penye ofisi, shule na zahanati, na nyumba zilizo ng'ambo ya korongo huendelea kungoja. Makala haya yahusu hao wangojao, wa Tarime na wa Serengeti, na chombo kimoja ambacho chaweza kuwasaidia au kuwaharibia kabisa, kwa kadiri watakavyokianza: mtambo mdogo wa kugeuza kuni kuwa gesi ya kuendeshea injini.

Chombo hiki si kipya. Mfaransa Georges Imbert alikitengeneza kwa ajili ya magari katika miaka ya 1920, na vita vya 1939 hadi 1945 vilipoinyima Ulaya petroli, magari mengi mno yalitembea yakiwa na pipa la kuni mgongoni. Katika Sweden pekee yalipita 70,000. Vita vilipokwisha na petroli kurudi, mapipa hayo yalitupwa upesi. Hapana aliyelazimishwa kuyatupa. Watu waliyaacha kwa sababu kazi yake ni chafu na yataka subira, na jambo hilo ndugu msomaji alitie moyoni kabla hatujaendelea.

Namna ya kufanya kazi ni hii. Kuni zilizokatwa vipande vidogo, vya ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo, hutiwa katika pipa la chuma lililofungwa vizuri juu. Sehemu ya juu kuni hukauka. Chini yake huungua bila hewa ya kutosha na kutoa moshi mzito. Chini zaidi, pale hewa inapoingizwa kwa matundu machache, moto hupita nyuzi 1,000 za sentigredi. Moshi wote hulazimishwa kupita katika koo jembamba la moto huo, kisha katikati ya makaa mekundu, na hapo ndipo unapogeuka kuwa gesi iwakayo. Humo mna kaboni monoksaidi, kama sehemu 20 kwa 100, na haidrojeni inayokaribia kiasi hicho. Nusu nzima ya gesi ni naitrojeni isiyowaka, ndiyo maana nguvu yake ni ndogo. Kutoka hapo gesi huzungushwa katika chombo cha mviringo ili majivu yaanguke, hupozwa katika mabomba, huchujwa kwa vumbi la mbao au makaa, ndipo iingie katika injini.

Fundi hodari wa kuchomelea aweza kuunda sehemu kubwa ya vitu hivi. Nyamongo, penye mgodi wa North Mara uliofunguliwa 2002, hapakosi mafundi wa chuma, na SIDO, iliyoundwa 1973, ndiyo kazi yake kusaidia viwanda vidogo vya namna hii. Lakini fundi aonywe mambo mawili. Koo la moto likifanywa kwa chuma cha kawaida huliwa na moto. Hapana budi liweze kubadilishwa, au likandikwe kwa udongo wa tanuri. Tena kipimo cha koo si cha kukisia kwa jicho. Likiwa pana mno, moshi hupita pembeni bila kuungua, na ndani ya moshi huo mna lami. Lami ndiyo adui. Huganda katika vali za injini, na asubuhi yake mwenye kinu hukuta vali zimenata kama zilizomiminiwa gundi.

Adui wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haonekani. Hiyo kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Mtambo huu haukai ndani ya nyumba. Hukaa chini ya banda lisilo na kuta, wala watoto hawalali karibu nao, wala hapana anayefungua kifuniko huku amekiinamia. Kichwa kikianza kumgonga mhudumu, atoke mara moja penye hewa safi na mtambo uzimwe. Twalisema hili kwa ukali kwa sababu mfanyakazi akifa kwa gesi hiyo hufa kimya, na watu husema amelogwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Uniti 1 ya umeme yataka takriban kilo moja na theluthi ya kuni kavu. Kinu cha kilowati 10, kikifanya kazi saa 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, chatumia uniti 15,000, yaani kama tani 20 za kuni kavu. Injini ya dizeli haiwezi kuwaka kwa gesi hii peke yake. Huhitaji dizeli kidogo ya kuwashia, lakini gesi yaweza kushika mahali pa sehemu 70 kwa 100 ya mafuta, hata dumu lililokwisha kwa siku moja likatosha siku tatu. Injini ya petroli yaweza kutumia gesi tupu, ila hupoteza theluthi au hata nusu ya nguvu zake. Tarime mjini pako juu kwa mita 1,500 hivi, na hewa nyepesi ya huko juu nayo hupunguza nguvu za injini. Anayenunua injini ndogo kwa bei nafuu ajue kwamba akifika mlimani atakuwa na injini ndogo zaidi.

Na kwa taa na simu, mtu anunue paneli ya jua. Siku hizi bei yake imeshuka sana, haitaki kuni wala haitoi lami. Kuwasha moto wa kilowati 10 ili kumulika balbu tatu ni uchezaji. Mtambo wa kuni una maana palipo na kazi nzito: kusaga, kuranda mbao, kuvuta maji. Majirani zetu wa Uganda wamelijua hili kwa vitendo. Katika shamba la chai la Muzizi uliwekwa mtambo wa kilowati 250 uliolishwa mikaratusi, na katika shamba la mtu binafsi wilayani Mukono mtambo wa kilowati 10. Uchunguzi wa mitambo hiyo miwili uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kuni zaweza kushindana na dizeli, lakini pia kwamba mitambo ilifanya kazi chini ya uwezo wake. Mtambo usiopata kazi ya kutosha haurudishi fedha zake. Tena moto hupoa, na moto uliopoa huzaa lami.

Tumezungumza juu ya tani 20. Zitatoka wapi? Hapa ndipo moyo wa maneno yetu. Upande wa Serengeti, vijiji vingi vimepakana na hifadhi: Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Ukileta mtambo kabla ya kuwa na miti yako, umemtuma kijana usiku kuingia porini na shoka, naye akikamatwa utakuwa umenunua kesi kwa jina la maendeleo. Upande wa Tarime, utamaliza miti iliyobaki juu ya chemchemi. Tani 20 kwa mwaka, kwa kadirio la kiasi, ni shamba la miti la ekari 5 lililotunzwa. Milimani, mikaratusi na migrivea hustawi, ila mikaratusi ipandwe mbali na vyanzo vya maji. Mugumu na Natta, penye jua kali, mjohoro hufaa zaidi. Mkaratusi na mjohoro ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini. Shamba lizungushiwe ua kabla ya mche wa kwanza kupandwa, maana ng'ombe wa Mara hawasomi mabango.

Wako watakaouliza: na magunzi je? Ni swali jema. Gunia la mahindi la kilo 100 huacha kama kilo 20 za magunzi, na kulisaga, tukikadiri uniti 5, kwataka kilo 7 hivi. Kwa hesabu, hindi laweza kujisaga lenyewe na kubakiza. Lakini magunzi hayo yana mwenyewe tayari: ndiyo kuni za mama jikoni. Kinu kitakachomnyang'anya magunzi kitamrudisha porini kutafuta kuni, na faida yote imekwisha. Yanunuliwe kwa bei, mkononi mwake, wala si kwa mume wake, na kwa wale tu wenye ziada.

Lipo tena la mhudumu. Nimepata kuona, katika wilaya moja ambayo siitaji, pampu ya maji iliyozinduliwa kwa ngoma na hotuba, ikanyamaza kabla ya mwaka kwa sababu kijana aliyeitunza aliambiwa ajitolee. Alijitolea miezi minne, kisha akaenda kutafuta riziki, na hakuwa na kosa. Mtambo wa kuni ni mkali kuliko pampu. Kila siku kuna kukata vipande, kutikisa makaa, kutoa majivu, kubadili chujio, kumwaga maji machafu ya lami mahali pasipo karibu na mto wala kisima. Hiyo ni kazi kamili ya mtu, na ujira wake uandikwe katika bei ya kusaga tangu siku ya kwanza. Chama cha ushirika kikiona kwamba bei hiyo haitoshi kumlipa, basi hesabu imekwisha jibu na mtambo usinunuliwe.

Kwa hiyo matawi yanayotaka kuanza yaanze na vitalu sasa, ili miche iwe tayari kwa masika ya Machi. Banda la kuni lijengwe mwaka wa tatu, kwa kuwa mti mbichi wataka miezi kadhaa chini ya paa mpaka unyevu ushuke chini ya sehemu 20 kwa 100. Miti ya kwanza hukatwa mwaka wa nne au wa tano. Fundi na apewe kazi ya kuchomelea pipa mwaka huo, kama nguzo za umeme hazijafika. Na kama zimefika, kitongoji kitakuwa na ekari 5 za miti ya kujengea na kuuza.