Donda ndugu na ngozi ya maabara: kweli au si kweli?

"Ngozi ya maabara ikishabandikwa, bandeji ya kubana haina kazi tena."

Si kweli, na naanza na hili kwa sababu ndilo linalowaumiza wagonjwa zaidi. Madonda mengi ya mguu yasiyopona huanzia kwenye vena. Valvu zake zikilegea, damu inayopaswa kupanda kwenda moyoni hurudi chini, mguu unavimba, ngozi ya karibu na kifundo inakosa afya, na mkwaruzo mdogo tu unageuka donda ndugu. Bandeji ndiyo inayoisukuma damu hiyo juu. Apligraf, ngozi ya maabara iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa madonda haya, ilijaribiwa kwa wagonjwa waliofungwa bandeji wote. Waliowekewa ngozi walipona asilimia 63 ndani ya miezi 6. Waliofungwa bandeji bila ngozi hiyo, asilimia 49. Itazame vizuri hiyo 49: karibu nusu ya watu walipona kwa kitambaa kilichofungwa na mikono inayojua kazi.

"Inaharakisha kupona."

Kweli. Katika utafiti huohuo, nusu ya waliowekewa ngozi walikuwa wamefunga donda kufikia siku ya 61. Wenzao walifikia hapo siku ya 181. Kwa mtu anayelala na maumivu na kuona haya kwa harufu ya mguu wake, hiyo miezi minne si kitu kidogo.

"Hutolewa kwa maiti, au kwa nguruwe."

Apligraf, hapana. Seli zake hukuzwa kutoka kwenye govi la watoto wachanga waliotahiriwa, baada ya kupimwa maambukizi, na kolajeni yake ni ya ng'ombe. Zipo bidhaa nyingine za kutibu vidonda zinazotokana na nguruwe, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla hajakubali.

"Inaota na kuwa ngozi yako."

Si kweli. Haina mishipa ya damu, vinyweleo wala tezi za jasho. Watafiti waliotafuta DNA ya seli hizo dondani hawakuikuta tena baada ya miezi miwili. Kazi yake ni kutoa kemikali zinazoziamsha seli zako mwenyewe, kisha inaondoka.

"Inafaa donda lolote."

Hapana. Donda lenye maambukizi lisafishwe na kutibiwa kwanza. Lililokaa muda mrefu mno likatwe kipande kipimwe saratani. Na kabla ya kufunga bandeji, presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono: mguu usiopata damu ya kutosha kutoka kwenye ateri unaweza kuharibiwa na bandeji yenyewe.

"Hospitali inaweza kuiweka akiba."

Ni tishu hai. Haiwekwi kwenye friji, na hudumu kama wiki mbili tu, kwenye nyuzi joto 20 hadi 23. Bei yake nayo ni kubwa.

"Donda likifunga, umepona."

Ngozi imepona, valvu hazijapona. Soksi za kubana huendelea kuvaliwa kila asubuhi, kabla mguu haujaanza kuvimba.