Muuguzi wa Mirihi na Sufuria ya Maharage

Mama mwenzangu, je, kuna kazi uliyoianza kwa furaha, kisha ukaifungia kabatini kwa sababu mtoto analia, maharage yanaungua na zamu ya usiku inakungoja? Kama ipo, makala hii ni yako.

Mimi ni muuguzi, naishi Ruanda, wilayani Mbozi, na nina watoto watatu. Kwa miaka mitano sasa naandika riwaya ya kisayansi, yaani hadithi ya mambo ambayo hayajatokea, lakini sayansi inaweza kuyawaza. Nimefika sura ya saba tu. Usinicheke!

Wazo lilitoka wapi?

Lilinijia siku ya kliniki, nikipima watoto kwa ule mzani wa kuning'iniza. Nilikuwa nimesoma kwamba nguvu ya mvutano katika sayari ya Mirihi ni kama asilimia 38 ya ile ya dunia. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 akining'inizwa huko, mzani utaonyesha kilo 3.8 tu. Muuguzi mgeni ataandika kwenye kadi kwamba ana utapiamlo mkali, kumbe mtoto amenona! Hapo nikampata mhusika wangu, muuguzi anayefungua zahanati Mirihi.

Huku kwetu mambo ya anga si mageni. Pale Ndolezi kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa meta 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Niliwapeleka wanangu wakakigusa kwa mikono yao.

Sura iliyochemsha chai

Katika mwaka wa pili mwanangu wa kati alitafuta karatasi ya kuwashia mkaa, akachukua daftari langu. Sura ya tatu yote ikachemsha chai. Nilipofoka, alijibu kwa upole, "Mama, nilidhani halina kazi, maana halina alama za mwalimu."

Sikumchapa. Ila usiku nililia peke yangu, na kwa miezi saba sikushika kalamu. Nilijiona mwizi, ninayeiba saa za watoto wangu kuwapa watu wasiokuwapo duniani.

Wenzetu walifanyaje?

Nilipata nguvu niliposoma habari za Madeleine L'Engle wa Marekani. Alikuwa mama wa watoto watatu, akisaidiana na mumewe kuendesha duka kijijini na kuongoza kwaya ya kanisa. Mwaka 1958, siku alipotimiza miaka 40, mswada wake ulirudishwa tena. Akaifunika mashine yake ya kuchapa, akaapa kuacha uandishi. Lakini akiwa bado analia, aligundua kwamba kichwani ameshaanza kutunga hadithi ya mtu aliyeshindwa. Akaifunua mashine. Riwaya yake ya safari za angani, A Wrinkle in Time, ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 kabla ya kutoka mwaka 1962. Mwaka 1963 ilipata Medali ya Newbery.

Hata Kiswahili kinao wavumilivu. Katama Mkangi wa Kenya alitoa riwaya ya Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1986 akawekwa kizuizini kwa sababu za kisiasa. Riwaya yake ya Walenisi, ambayo shujaa wake Dzombo anarushwa angani hadi kufika nchi ya watu wanaoishi kwa usawa, ilitoka mwaka 1995. Ni miaka 11 kati ya kitabu na kitabu! Mimi nililalamikia miezi saba.

Neno la baba watoto

Jioni moja, tukichambua maharage, mume wangu aliniuliza, "Mama, yule muuguzi alifika Mirihi?" Kumbe alikuwa amelisoma lile daftari! Nilimweleza kwa nini niliacha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jumamosi jioni maharage ni yangu. Wewe andika." Mara ya kwanza aliyaunguza. Tuliyala hivyo hivyo.

Mambo niliyojifunza

Kwanza, sema unachofanya. Familia haiwezi kuheshimu kazi uliyoificha chini ya godoro. Sasa watoto wananiuliza habari za Mirihi, na daftari lina jalada jekundu ambalo hakuna anayethubutu kulipeleka jikoni.

Pili, pima kwa mzani unaofaa. Ukurasa mmoja kwa wiki unaonekana si kitu, lakini kwa mwaka ni kurasa 52. Usijilinganishe na mtu asiye na watoto wala zamu.

Tatu, usiibe usingizi wako. Muuguzi aliyechoka anaweza kukosea dozi. Wiki za zamu ya usiku siandiki kabisa, wala sijilaumu.

Siku ya Mirihi ina saa 24 na karibu dakika 40. Akina mama wa huko watakuwa na bahati! Sisi hizo dakika 40 hatukupewa, bali tunaziomba kwa wale tunaoishi nao, nao wakitupenda hutupatia.

Kitabu changu hakijaisha, wala sijui kama kitachapwa. Ila Jumamosi hii muuguzi wangu anapokea mtoto wa kwanza kuzaliwa Mirihi, na jikoni nasikia harufu ya maharage. Safari hii hayajaungua. Je, wewe mwenzangu, daftari lako liko wapi?