Kabichi ya Lukozi na maamuzi ya Ikulu: kwa nini mpaka hufungwa ghafla?

Ukiwa Lukozi, Lushoto, unaweza kuona Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mambo ya wakubwa kule Arusha. Lakini gari la mboga likishashuka Mombo, soko lake linaweza kuwa Dar, au Tanga, au hata kuvuka Horohoro kwenda Mombasa. Hiyo njia ya Horohoro siasa inaweza kuifunga.

Ilishawahi kutokea?

Ndiyo, tena kwa miaka. Jumuiya ya kwanza ilianza 1967. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote nchini Uganda, na Mwalimu Nyerere akagoma kukaa naye meza moja. Tangu hapo marais watatu hawakukutana tena kama chombo cha juu cha Jumuiya. Kenya na Tanzania nazo zilivutana: huku Ujamaa, kule soko huria, na kila upande ukiona mwenzake anafaidi zaidi.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Mwaka huohuo Jumuiya ikafa. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983.

Sasa hivi je?

Mkataba mpya ulisainiwa 1999, na soko la pamoja likaanza Julai 2010. Bidhaa inayotimiza masharti ya uasili haitozwi ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama. Ila bado kuna vibali, vipimo na makatazo.

Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ikitaja sumukuvu. Ndani ya wiki moja zuio likaondolewa kwa masharti. Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakaahidi kuondoa vikwazo.

Sumukuvu ni hatari ya kweli. Lakini kasi ya kufunga na kufungua mara nyingi hufuata uhusiano wa viongozi.

Kwa nini siasa ina nguvu hivyo?

Kwanza, wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote. Mmoja akikataa, jambo linakwama. Pili, kila rais anapigiwa kura kwao. Mkulima wa Kenya akilalamika kuwa mazao ya jirani yanashusha bei, Nairobi itasikia. Dodoma nayo ni hivyohivyo.

Wewe wa Lushoto inakuhusu nini?

Mahindi yanaweza kusubiri ghalani. Nyanya haziwezi. Zuio la siku tano tu, mzigo wote umeoza.

Kabla ya kupakia, uliza hali ya mpaka na upate cheti cha afya ya mimea. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Na usitegemee mnunuzi wa upande mmoja tu.